Miaka Mitatu Isiyoandikwa ya Tak Bong-gu (1933–2022)

Wazee wa ukoo wa Tak, ndugu na jamaa, majirani wa Neutijae, mliofanya kazi na marehemu kwenye kinu cha mpunga, nanyi mliotoka mbali na mvua hii, kwa niaba ya familia nasimama mbele yenu kuwasomea maisha ya baba yetu, Tak Bong-gu, ambaye jeneza lake litatoka katika ukumbi huu saa tano kamili, leo Jumatano tarehe 16 Novemba 2022. Mimi ni Mi-ran, mtoto wake wa kwanza. Najua wengi mlitarajia kumwona mdogo wangu Jae-gon hapa, kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kiume, lakini jana alinirudishia karatasi aliyopewa, akaniambia, "Dada, hii mimi siwezi kuisoma, itanikaba," nami nilipoipitia nikamwelewa.

Karatasi yenyewe ni hii. Imepigwa chapa vizuri na binamu yetu Jae-pil, mtoto wa baba mkubwa, ina tarehe ya kuzaliwa, ya shule, ya kazi, ya ndoa, na katikati ina mstari mmoja unaosema kwamba kuanzia mwaka 1951 hadi mwaka 1954 marehemu alikuwa nyumbani akiwasaidia wazazi wake kilimo. Nitaisoma yote isipokuwa mstari huo. Mstari huo ni uongo, na nimekubali kusimama hapa kwa sababu ya maneno nitakayoyaweka mahali pake, maana baada ya saa tano baba atakuwa chini ya udongo na hakuna atakayerekebisha tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1933, katika kijiji cha Neutijae, wilaya ya Yecheon, akiwa mtoto wa pili wa marehemu babu yetu Tak Sang-jun na marehemu bibi yetu Eom Sun-i, mtoto wa kwanza akiwa ni baba mkubwa Tak Bong-seop, ambaye Mungu amemjalia miaka tisini na miwili na mnamwona ameketi hapa mstari wa mbele, amevaa koti lake la wapiganaji wa zamani na nishani kifuani. Wenye umri wangu mnajua jinsi nyumba zetu zilivyokuwa, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye wa kuwawekea wazee waliotangulia wali na pombe siku ya tambiko, hivyo alilindwa kama mbegu ya mwakani, na waliomfuata walikuwa mikono ya kazi.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwezi Aprili 1941, akaacha mwezi Machi 1945 akiwa amemaliza darasa la nne, tena si kwa uzito wa kichwa, kwani mpaka uzeeni alikuwa akipiga hesabu za magunia ya kinu kwa kichwa haraka kuliko vijana wenye mashine, bali kwa sababu nyumba iliweza kumsomesha mmoja tu, na mmoja huyo alijulikana tangu siku aliyozaliwa.

Sasa nimefika kwenye ule mstari.

Tarehe 11 Februari 1951, vita vikiwa katika mwezi wa nane, mjumbe wa kijiji alileta nyumbani kwa babu karatasi ya wito wa jeshi, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Tak Bong-seop, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa ameoa miezi mitatu nyuma. Yaliyosemwa siku ile, kama ya vitani pia, nimeyasoma katika daftari aliloliacha mama, ambalo sikulifungua mpaka mwaka 2019, na ya siku ile yeye aliambiwa na bibi walipokuwa wakitia kabichi chumvi kwa ajili ya majira ya baridi, na bibi hakuwa mtu wa kuongeza chumvi mahali pengine. Babu aliikunja karatasi akasema, "Huyu akifa, nani atatuwekea wali, sisi na wazee wetu? Ataenda Bong-gu." Bibi akamwambia, "Baba Bong-seop, huyu mtoto hata miaka kumi na minane hajatimiza." Babu akamjibu, "Ana mabega."

Ndugu zangu, maneno yalikuwa hayo mawili tu. Hakuna aliyemuuliza baba anaonaje.

Tarehe 19 Februari 1951 marehemu aliondoka Neutijae kwa miguu, amebeba mfukoni kadi ya ukaazi ya kaka yake, akafika Andong kwenye uwanja wa shule walikokuwa wakiandikisha, na karani akaitazama picha ya kwenye kadi, akamtazama yeye, akasema, "Mbona umekonda hivi wewe?" Baba akajibu, "Njaa, bwana," watu kwenye foleni wakacheka, karani naye akacheka akagonga muhuri, na kuanzia pale, kwa muda wa miaka mitatu na mwezi mmoja na siku kumi na moja, Tak Bong-gu hakuwepo tena duniani. Aliyekuwa kwenye vilima vya Yanggu akichimba mahandaki kwenye ardhi iliyoganda, akila mpira wa wali ulioganda mpaka unagonga meno, akipanda kilima usiku na kukikimbia asubuhi na kukipanda tena, alikuwa ni askari Tak Bong-seop, namba 0194627.

Alikuwa na rafiki huko, Seok Chun-sam, mtoto wa muuza tofu wa Jecheon, mcheshi, ambaye alikuwa akiapa kwamba vita vikiisha hatagusa wali baridi hata akilipwa. Tarehe 23 Oktoba 1952 kombora moja liliwaangukia wote wawili, Chun-sam akafa baada ya muda mfupi, na baba akapata vipande vya chuma chini ya bega la kushoto. Chun-sam alikufa akimshika baba mkono na kumwita, "Bong-seop, Bong-seop ndugu yangu, usiniache." Alikufa bila kujua jina la mtu aliyekuwa amemshika mkono, na baba hakuweza kumwambia, kwa sababu mganga wa jeshi alikuwa amepiga magoti pale pale.

Tarehe 30 Machi 1954 aliachiwa akarudi nyumbani, akavua sare, akavaa suruali yake ya kazi, akaingia bandani kulisha ng'ombe. Karatasi za kuachiwa jeshi alimkabidhi baba mkubwa kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Na msidhani mambo yaliishia hapo, kwani serikali haikuwa na habari na mtu aitwaye Bong-gu, kwake huyo alikuwa kijana ambaye hajalitumikia taifa, na tarehe 12 Mei 1955 wito wa jina lake mwenyewe ukafika, akaenda jeshini mara ya pili kwa miaka mitatu mingine, akapangwa jikoni kumenya figili. Mganga aliyempima alimuuliza lile kovu la mgongoni limetoka wapi, akasema, "Nilipigwa pembe na fahali, bwana." Koplo mmoja, mdogo kwake kwa mwaka, alikuwa akimkemea mbele ya wenzake, "We mshamba, hata bunduki hujui inashikwaje! Ungekuwepo wakati wa vita ungejikojolea!" Baba alikuwa akituhadithia kisa hicho sisi watoto huku akicheka, nasi tukicheka, tukijua tu kwamba baba yetu alikuwa mmenya figili. Leo nikikikumbuka kicheko kile natamani kutema mate.

Alirudi mwezi Aprili 1958, akaajiriwa kwenye kinu cha mpunga cha kijiji, akafanya kazi hapo miaka thelathini na sita hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1994, kwanza mbeba magunia, kisha fundi wa mashine, na wenzake mliopo hapa mnakumbuka kwamba alibeba kwa bega la kulia tu, mkamtania kuwa bega la kushoto analitunza kwa ajili ya mke. Mke huyo, mama yetu Ham Ok-bun, alimwoa tarehe 5 Novemba 1959, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1961 na Jae-gon mwaka 1964, na wajukuu watano, mama akatutangulia tarehe 8 Juni 2014. Walisikilizana. Walikuwa wakigombana kwa jambo moja tu, nalo lilikuwa kila mwaka wakati wa kwenda kufyeka nyasi kwenye makaburi ya mababu.

Siku hiyo ya kufyeka, kila mwaka kabla ya sikukuu ya mavuno, baba na baba mkubwa walipanda kilimani wawili tu, na mimi nilitumwa kuwapelekea chakula cha mchana. Nilikuwa nawakuta wameketi juu ya nyasi zilizokatwa, baba anaongea na baba mkubwa anasikiliza, anauliza, "Hapo mlikuwa mmelala upande upi wa kilima? Theluji ilifika wapi? Bunduki yenyewe nzito kiasi gani?" na baba anajibu pole pole, macho chini. Nilikuwa mtoto, nikadhani baba mkubwa anamtahini baba, kuona kama ameyashika vizuri masimulizi aliyosimuliwa. Kumbe yule aliyekuwa akiuliza ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Wakati ule baba mkubwa alikuwa ameshapata kazi ya ofisini kwa heshima ya zile karatasi, watu walikuwa wakimuuliza habari za vita, shule zilikuwa zikimwalika, na alimwambia mdogo wake, "Nieleze vizuri, nisije nikaulizwa nikaaibika." Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini nyumbani kwetu mmoja alichuma juani na mwingine akala kivulini, kisha akamwita aliyechuma aje amweleze jua lilikuwa kali namna gani.

Jumamosi tarehe 5 Juni 1971, shule yetu ya msingi ilifanya sherehe ya kuwashukuru waliolitetea taifa. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeandika barua ya shukrani, ikachaguliwa kuwa ya kwanza katika wilaya, nami nikasimamishwa jukwaani kuisoma mbele ya wazazi wote, na barua hiyo niliianza, Mungu anisamehe, "Kwa baba yangu mkubwa mpendwa, uliyelala kwenye theluji ili mimi nilale kwenye blanketi." Niliandika pia kwamba alijificha chini ya misonobari ya kijani. Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa na vumbi la pumba kwenye nywele, alipiga makofi mpaka mwisho, na tulipokutana aliniambia jambo moja tu, "Umesoma vizuri, mwanangu. Ila misonobari haikuwepo. Ilikuwa imeungua yote." Nikamuuliza amejuaje, akasema, "Kaka aliniambia."

Baada yangu alisimama baba mkubwa. Alieleza handaki, alieleza wali ulioganda, watoto wakashika vinywa, kisha akaeleza kifo cha rafiki yake kipenzi Seok Chun-sam, mtoto wa muuza tofu, alivyomshika mkono na kumwita jina, na hapo akatoa leso akafuta macho, walimu wakalia, mimi nikalia. Nilipogeuka kumtafuta baba hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya madarasa, ameinama ameshika ukuta, anatapika. Mama alikuwa amemshika mgongo, akaniambia, "Nenda, nenda kwa wenzako, baba yako amekula samaki aliyeoza." Niliamini habari ya samaki kwa miaka arobaini na minane, na ile zawadi ya kamusi niliyopewa siku hiyo niliitumia mpaka jalada likatoka.

Mwezi Machi 2003 baba alianguka kwenye ngazi, tukampeleka hospitali ya wilaya akapigwa picha ya kifua, na daktari, kijana mwenye heshima zake, akaning'iniza picha kwenye taa akaonyesha vile vipande vinne chini ya bega. "Mzee, hivi umevipata wapi?" Baba akasema, "Fahali, daktari. Zamani." Daktari akatabasamu, "Fahali wako alikuwa na pembe za chuma, mzee?" Baba akacheka, akavaa shati, akatoka. Nami nikaacha yapite. Nakiri hapa mbele yenu, niliiona ile picha kwa macho yangu mawili na nikaacha yapite, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudi Daegu, mjini ninakoishi. Ninapowachukia wengine leo, sijajisahau mwenyewe.

Kuanzia mwaka 2017 kumbukumbu zake zilianza kumtoka, akasahau kinu, akasahau kwamba mama amefariki, na tarehe 14 Januari 2019 tulimpeleka nyumba ya kulelea wazee iliyoko mjini Yecheon. Huko muuguzi wetu, Bi Noh Hye-ja, aliniita pembeni siku moja ya mwezi Aprili akaniambia, "Dada, mzee wako nikimwita Tak Bong-gu hata hageuki. Leo nimesoma kimakosa jina la ndugu yake kwenye kitabu cha wageni, basi hebu njoo uone." Akasimama mlangoni akaita, "Tak Bong-seop!" Na baba, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa hajaweza kuinuka bila kushikwa, akasimama, visigino pamoja, kidevu juu, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu, "Ndiyo! Askari Tak Bong-seop! Namba sifuri, moja, tisa, nne, sita, mbili, saba!" Kisha akabaki amesimama hivyo, anatetemeka miguu, anasubiri aambiwe alegee, na sisi wawili hatukujua neno la kumwambia.

Niliiandika namba ile kwenye kiganja cha mkono. Siku ya sikukuu ya mavuno, tarehe 13 Septemba 2019, nilikuwa nyumbani kwa baba mkubwa nikipeleka sinia la mapeasi kwenye meza ya tambiko, na ukutani, juu ya meza, kilikuwepo cheti cha nishani ndani ya fremu, chini ya cheti namba ile ile. Jae-pil aliniuliza, "Dada Mi-ran, mbona umekodoa macho hivyo, mapeasi yanaanguka." Yalikuwa yameshaanguka. Na nje mlangoni, mwezi Juni wa mwaka huo huo, wilaya ilikuwa imekuja na wapiga picha na watoto wenye maua, ikapigilia kile kibao cha shaba kinachosema kwamba hii ni nyumba ya shujaa wa taifa, baba mkubwa akapigwa picha akikigusa, huku shujaa mwenyewe akilishwa uji kwa kijiko umbali wa dakika ishirini, amevalishwa nepi.

Tambiko lilipokwisha nilimuuliza. Sitamsingizia, hakuniongopea. Alisema, "Baba yangu ndiye aliyeamua, mwanangu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, ningemwambia nini baba yangu?" Nikamwambia hilo la mwaka hamsini na moja nalielewa, lakini je, la mwaka hamsini na tano alipoitwa jeshini tena, na la sabini na moja, na la mwaka huu wa kibao? Akasema, "Nimewawekea wazee wali kwa miaka yote hii. Baba yako naye, akifa, atakuwa mezani petu. Kila mtu alibeba mzigo wake." Jae-pil akaingilia, "Yaliyopita si ndwele, dada." Nikamjibu kwamba ndwele ninayo kwenye picha ya hospitali, vipande vinne. Akaniambia jambo ambalo amelirudia tena juzi alipokuwa akinipa hii karatasi, "Mzee mwenyewe hakusema maisha yake yote, wewe ni nani useme?"

Basi nimjibu mbele ya watu. Mzee alisema, Jae-pil. Alisema kichwa chake kilipochoka kutunza uongo, alisema kila asubuhi akiwa wima kwa visigino vilivyovimba, aliwaambia wauguzi, wapishi, wafagiaji, na wote walicheka kwa upole wakadhani amechanganyikiwa. Vita vya kaka yake vilimla jina mpaka likaisha, hata siku alipokuwa akifa nilimwinamia nikamwita baba, nikamwita Bong-gu, akaniangalia kwa adabu, kama mtu aliyesimamishwa njiani na mgeni anayemuulizia mtu asiyemjua.

Mwezi Oktoba mwaka huu mapafu yake yalijaa maji, akahamishiwa hospitali tarehe 2 Novemba, na Jumatatu tarehe 14 Novemba 2022, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka themanini na tisa, mimi na Jae-gon tukiwepo. Ndani ya saa tatu shada la kwanza lilikuwa limeshafika, lile kubwa pale kulia, na kwa kuwa wengine mko mbali nitawasomea utepe wake, "Rambirambi kwa shujaa wa vita Tak Bong-seop kwa kuondokewa na mdogo wake." Limetoka kwa mheshimiwa mmoja wa wilaya. Nimeliacha hapo makusudi, mlinuse.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia wiki mbili za mwisho bila kukunja uso. Tunamshukuru Bi Noh Hye-ja, ambaye baadaye aligundua mwenyewe lile neno tulilokosa siku ya kwanza, na kila asubuhi alikuwa akimwambia, "Legea, askari, zamu imeisha," ndipo baba alipokubali kuketi kunywa uji. Tunawashukuru majirani wa Neutijae waliotupikia supu na kupokea wageni siku tatu mfululizo, na wenzake wa kinu, wazee wenye migongo mibovu, ambao wamekataa vijana wa kukodiwa na watalibeba jeneza wenyewe. Kwa watuma mashada ya shujaa, shukrani zenu mlizitoa kwa miaka mingi, kwa maua, kwa barua za watoto, barua yangu ikiwemo, na hazikuwahi kumfikia aliyestahili, kwa hiyo siwezi kuwaambia asante kwa niaba yake. Kwako baba mkubwa, nakushukuru kwa wali wa mababu, hukuwakosesha hata mwaka mmoja, nalijua hilo. Hicho ndicho ninachoweza kukushukuru.

Limebaki jambo moja, nami nawaomba muwe wavumilivu. Mnajua kwamba baba mkubwa ndiye mwenye mwandiko mzuri katika ukoo, na kwamba kitambaa chekundu cha jina, kile kinacholazwa juu ya jeneza na kuzikwa nalo, yeye ndiye aliyewaandikia marehemu wetu wote. Asiye na cheo huandikwa mwanafunzi, ndiyo desturi, nami nilitegemea kwamba baba yangu wa darasa la nne ataandikwa mwanafunzi. Leo saa mbili asubuhi baba mkubwa aliingia na kitambaa kimekunjwa, akakikunjua mbele yetu, na herufi nyeupe zilisomeka, "Askari Tak Bong-seop, 0194627."

Nikamwambia, "Baba mkubwa, hili ni jina lako."

Akasema, "Najua. Nimemrudishia, mwanangu. Namba, nishani, vyote. Azikwe navyo yeye. Mimi nikifa mniandike vyovyote."

Jae-pil alilia, wazee wawili wakalia, mmoja akanong'ona kwamba sasa yamekwisha. Mimi nilimwambia, "Ulimpa jina lako akaenda nalo vitani. Leo unampa tena aende nalo kaburini. Lake liko wapi, baba mkubwa?" Mzee huyu, ambaye ameandika majina ya wafu wa ukoo mzima, akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua niandike nini kingine."

Kitambaa kile nimekikunja nikamrudishia, kipo kwenye mapaja yake, mnakiona. Nimeomba kingine kwa wahudumu wa ukumbi, nikaandika mwenyewe, ingawa wanawake wa ukoo wetu hawaandiki, na mtaniwia radhi kwa mwandiko, herufi zimeinama na rangi imechuruzika upande mmoja. Wazee wa kinu wakiinua jeneza mtakisoma. Kinasema, "Tak Bong-gu. Alikwenda yeye."

Lala, baba. Zamu zako umezimaliza, na za kaka yako pia.